Kanuni za majina katika hifadhidata

Kanuni za majina katika hifadhidata ni makubaliano kuhusu namna ya kuita majedwali, safu, faharasa na vitu vingine vinavyounda hifadhidata. Kompyuta haijali maana ya jina: kwake jedwali liitwalo "mgonjwa" na lile liitwalo "x7" ni sawa. Hata hivyo kila jina lina kazi mbili. Linamwambia binadamu kilichomo ndani, na linaiambia programu ni kitu kipi hasa kinachotakiwa. Kazi hizo mbili zisipokubaliana, makosa hutokea.

Makosa ya majina ni ya aina mbili. Aina ya kwanza husimamisha kazi: mfumo hutoa ujumbe kwamba jedwali halipo au amri imeandikwa vibaya, na mhusika hulazimika kurekebisha. Aina ya pili haitoi ujumbe wowote. Ripoti hutoka, namba huonekana, lakini si namba za kweli. Aina hiyo ya pili ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa dawa, chanjo na fedha zinaweza kugawanywa kwa kufuata ripoti hiyo.

Mifano mingi katika makala hii inahusu hifadhidata ndogo ya kubuni ya vituo vya afya vya Jiji la Tanga, Tanzania. Makorora ni mojawapo ya kata za jiji hilo. Majina ya mahali ni ya kweli. Majedwali ni ya mfano tu.

Vitu vinavyopewa majina

Hifadhidata ya mahusiano huhifadhi habari katika majedwali. Kila jedwali lina safu, ambazo hutaja aina za habari, na mistari, ambayo hubeba habari zenyewe. Jedwali la kata linaweza kuwa na safu "kata_id" na "jina". Kila kata ya Tanga huwa na mstari wake.

Pamoja na majedwali na safu, majina hupewa pia:

- hifadhidata yenyewe
- faharasa, zinazoharakisha utafutaji
- mionekano, yaani maulizo yaliyohifadhiwa yanayosomeka kama majedwali
- masharti, kama vile ufunguo msingi na ufunguo wa nje
- taratibu zilizohifadhiwa, yaani programu ndogo zinazokaa ndani ya hifadhidata

Ufunguo msingi ni safu inayotambulisha kila mstari bila kurudiwa. Ufunguo wa nje ni safu inayoelekeza kwenye mstari wa jedwali lingine, kwa mfano safu ya "kata_id" ndani ya jedwali la vituo.

Historia

Muundo wa hifadhidata ya mahusiano ulipendekezwa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, mwanahisabati mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa kampuni hiyohiyo walitoa maelezo ya lugha ya kuuliza hifadhidata waliyoiita SEQUEL. Lugha hiyo yenyewe ilipatwa na tatizo la jina: SEQUEL lilikuwa tayari alama ya biashara ya kampuni nyingine, hivyo likafupishwa kuwa SQL.

SQL ilikubaliwa kuwa kiwango cha Marekani mwaka 1986 na kiwango cha kimataifa mwaka 1987. Katika kiwango hicho cha kwanza jina halikuruhusiwa kuzidi herufi 18. Toleo la mwaka 1992 liliongeza kikomo hadi herufi 128. Vikomo vifupi vya awali ndivyo vilivyozoesha watengenezaji wengi kufupisha majina kupita kiasi, na desturi hiyo imeendelea hata baada ya sababu yake kuondoka.

Kuna pia kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 11179, ambacho sehemu yake ya 5 inaeleza misingi ya kuita vipengele vya data. Katika kazi za kila siku, hata hivyo, kila taasisi au kikundi cha watengenezaji hujiwekea kanuni zake.

Kikomo cha urefu

Kila mfumo una kikomo chake cha urefu wa jina:

- PostgreSQL: baiti 63
- MySQL: herufi 64 kwa majedwali na safu
- SQL Server: herufi 128
- Oracle: baiti 30 hadi toleo la 12.1, na baiti 128 tangu toleo la 12.2
- faili za ramani za aina ya shapefile: herufi 10 kwa jina la safu

Kikomo hiki huumiza majina ya Kiswahili kuliko ya Kiingereza. Kiswahili hutanguliza neno kuu na kuweka maelezo yake nyuma: kituo cha afya, kituo cha polisi, kituo cha mabasi. Kinachotofautisha vitu viwili huja mwishoni, na mwisho ndio unaokatwa.

Kwa mfano, safu mbili za chanjo zinaweza kuitwa:

idadi_ya_watoto_wa_chini_ya_mwaka_mmoja_waliopata_chanjo_ya_surua_wavulana
idadi_ya_watoto_wa_chini_ya_mwaka_mmoja_waliopata_chanjo_ya_surua_wasichana

Baiti 63 za mwanzo za majina haya ni zilezile, na zinaishia kwenye "sur". PostgreSQL hukata jina, hutoa taarifa fupi na kuendelea. Mtu akijaribu kuunda jedwali lenye safu zote mbili, mfumo utakataa kwa sababu safu moja imetajwa mara mbili. Lakini safu ya pili ikiongezwa baadaye kwa amri yenye sharti la "kama haipo", mfumo utaiona kuwa ipo tayari na kuiruka. Kuanzia hapo idadi ya wasichana itaandikwa juu ya idadi ya wavulana, na kinachobaki kuashiria kosa ni taarifa ile fupi ambayo wengi hawaisomi.

Faili za ramani zina kikomo kikali zaidi, kwa sababu hutumia muundo wa zamani wa dBASE kuhifadhi maelezo. Safu "jina_la_kata" na "jina_la_kaya" zote hukatwa kuwa "jina_la_ka". Tanga ina kata tatu ziitwazo Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini. Safu zikipewa majina ya kata hizo, zote tatu hubaki "ngamiani_k". Baadhi ya programu za ramani huongeza tarakimu mwishoni ili majina yasigongane, na mtumiaji hubaki akikisia ipi ni Kaskazini na ipi ni Kusini. Ufupisho wa herufi za mwanzo haumsaidii pia, maana "NK" ni kifupi cha zote tatu.

Kuna njia mbili za kuepuka tatizo hili. Ya kwanza ni kuweka neno la kutofautisha karibu na mwanzo, kwa mfano "surua_wavulana". Ya pili, ambayo ni bora, ni kutoweka habari ndani ya jina kabisa. Jinsi ya mtoto iwe safu yake, aina ya chanjo iwe safu yake, na idadi iwe safu yake. Hapo majina hubaki mafupi, na chanjo mpya ikianzishwa huongezwa mstari, si safu.

Herufi kubwa na ndogo

Mifumo haikubaliani kuhusu herufi kubwa na ndogo. Kiwango cha SQL kinasema jina lisilo ndani ya alama za kunukuu ligeuzwe kuwa herufi kubwa, na Oracle hufanya hivyo. PostgreSQL hufanya kinyume: hugeuza kuwa herufi ndogo. Jina lililo ndani ya alama za kunukuu huachwa kama lilivyo.

Tuseme programu ya kusaidia kuunda majedwali imetengeneza jedwali "KituoChaAfya" kwa kutumia alama za kunukuu. Mtu akiandika KituoChaAfya bila alama hizo katika PostgreSQL, mfumo utatafuta "kituochaafya" na kujibu kwamba halipo, ingawa linaonekana kwenye orodha. Tangu siku hiyo kila anayelitaja lazima aandike alama za kunukuu na kukumbuka kila herufi kubwa.

Katika MySQL tatizo hutegemea mfumo wa uendeshaji. Katika Windows majina ya majedwali hayatofautishwi kwa ukubwa wa herufi. Katika Linux hutofautishwa. Programu iliyoandikwa kwenye kompyuta ya Windows inaweza kutaja "Wagonjwa" mahali pamoja na "wagonjwa" mahali pengine bila shida. Ikihamishiwa kwenye seva ya Linux, nusu ya kurasa zake hushindwa kufunguka. Mpangilio unaosimamia jambo hili unaitwa lower_case_table_names, na tangu MySQL 8.0 unaweza kuwekwa tu wakati hifadhidata inapoanzishwa.

Kanuni inayoondoa matatizo haya yote ni kutumia herufi ndogo pekee na kutenganisha maneno kwa kistari cha chini: "kituo_cha_afya".

Maneno yaliyotengwa

SQL ina maneno ambayo lugha yenyewe imejitengea, kama SELECT, ORDER, GROUP, TABLE na USER. Jedwali likiitwa "order" kwa maana ya oda ya mteja, amri ya kulisoma hushindwa, kwa sababu mfumo hudhani mtumiaji anataka kupanga matokeo.

Neno USER lina hatari ya aina ya pili. Katika PostgreSQL amri ya kusoma kila kitu kutoka "user" bila alama za kunukuu haishindwi. Hurudisha mstari mmoja wenye jina la mtumiaji aliyeunganishwa na hifadhidata wakati huo. Anayetarajia orodha ya watumiaji wa mfumo wake anaweza kudhani kwamba wote wamefutika isipokuwa mmoja.

Orodha ya maneno yaliyotengwa hukua. MySQL 8.0 iliongeza RANK, GROUPS na SYSTEM miongoni mwa mengine. Hifadhidata ya matokeo ya shule yenye safu "rank" kwa nafasi ya mwanafunzi darasani ilifanya kazi vizuri katika toleo la 5.7, na maulizo yake yakaanza kushindwa baada ya kuhamia toleo jipya.

Hapa Kiswahili kina faida. Maneno kama "oda", "kundi", "mtumiaji" na "nafasi" hayamo katika orodha ya maneno yaliyotengwa ya mfumo wowote kati ya iliyotajwa. Zaidi ya hayo Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za juu wala za chini, hivyo karibu kila neno lake linafaa kuwa jina la safu bila kubadilishwa.

Ritifaa, nafasi na vistari

Neno "karibu" katika sentensi iliyotangulia ni kwa sababu ya ritifaa. Sauti ya ng' katika "ng'ombe" huandikwa kwa alama ileile ambayo SQL hutumia kufungua na kufunga mfuatano wa herufi. Jedwali la mifugo haliwezi kuitwa ng'ombe bila alama za kunukuu. Kwa kawaida huitwa "ngombe".

Tatizo ni kubwa zaidi ritifaa inapokuwa ndani ya habari zenyewe, mahali isipoweza kuachwa. Mng'aro ni kata ya Wilaya ya Lushoto, na Chang'ombe ni kata ya Dar es Salaam. Programu inayounganisha maandishi moja kwa moja ili kuunda ulizo itatuma:

SELECT * FROM kata WHERE jina = 'Mng'aro'

Mfumo husoma kwamba jina limeishia kwenye 'Mng', kisha hukuta "aro" isiyoeleweka. Kata zote za Lushoto hufunguka isipokuwa hiyo moja. Mlango huohuo ndio unaotumiwa na wadukuzi kuingiza amri zao mahali palipokusudiwa jina. Dawa yake ni kutumia amri zilizotayarishwa, ambamo thamani hutumwa kando na maandishi ya amri. Kufuta ritifaa kwenye majina ya watu na mahali si suluhisho, maana huharibu habari.

Ritifaa pia huandikwa kwa alama zaidi ya moja. Ile iliyonyooka ya kibodi na ile iliyopinda inayowekwa na programu za kuandikia huonekana karibu sawa machoni, lakini kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Kata iliyonakiliwa kutoka kwenye barua inaweza isilingane na kata hiyohiyo iliyoandikwa kwa mkono.

Nafasi na vistari vya kati navyo huleta matatizo katika majina ya vitu. "kituo-cha-afya" husomwa kama hesabu ya kutoa: kituo, toa cha, toa afya. Mifumo mingi pia haikubali jina lianze na tarakimu bila alama za kunukuu. "Sensa_2022" hukubaliwa, "2022_sensa" hukataliwa.

Kistari cha chini chenyewe kina mtego mmoja. Katika utafutaji wa LIKE alama hiyo humaanisha herufi yoyote moja. Anayetafuta majedwali yanayoanza na "kata_" kwa LIKE 'kata_%' atapata pia jedwali liitwalo "katalogi". Kama orodha hiyo inatumika kufuta majedwali ya zamani, katalogi itafutwa pamoja nayo.

Umoja na wingi

Watengenezaji wamebishana kwa miaka mingi kama jedwali liitwe kwa umoja au kwa wingi. Wanaotetea wingi husema jedwali hubeba wagonjwa wengi. Wanaotetea umoja husema kila mstari ni mgonjwa mmoja, na kwamba "mgonjwa.jina" husomeka vizuri.

Kwa Kiswahili suala hili lina uzito wa ziada, kwa sababu wingi huonekana mwanzoni mwa neno: mgonjwa na wagonjwa, kituo na vituo, jengo na majengo. Katika orodha iliyopangwa kialfabeti umoja na wingi hukaa mbali. Maneno mengine, kama kata, chanjo na dawa, hayabadiliki kabisa.

Baadhi ya mifumo ya kutengenezea programu huunda wingi yenyewe kwa kufuata Kiingereza. Katika Ruby on Rails kitu kiitwacho Mgonjwa hutafutiwa jedwali "mgonjwas", na Kituo hutafutiwa "kituos". Neno "kata" hupatwa na jambo la ajabu zaidi. Kanuni iliyowekwa kwa ajili ya maneno ya asili ya Kilatini huchukulia kila neno linaloishia na "ta" kuwa ni wingi, hivyo umoja wa "kata" hutolewa kuwa "katum". Mtengenezaji anayetumia majina ya Kiswahili hulazimika kutaja jina la jedwali waziwazi au kuufundisha mfumo wingi wa maneno yake.

Kwa sababu hizo umoja ndio rahisi zaidi kwa majedwali ya Kiswahili. Muhimu kuliko uchaguzi wenyewe ni kuufuata kila mahali.

Jina moja katika majedwali mawili

Makosa mabaya zaidi hutokea pale majina yanapokuwa sahihi kila moja peke yake lakini hayalingani, au yanalingana mahali yasipopaswa. Tuchukue majedwali mawili:

kata: kata_id, jina
kituo: kituo_id, kata_id, jina

Ulizo linaloomba "jina" kutoka majedwali yote mawili hukataliwa, kwa kuwa mfumo haujui ni jina la kata au la kituo. Kosa hilo ni la aina ya kwanza na hurekebishwa kwa kuandika "kata.jina" au "kituo.jina".

Mambo ni tofauti kwa NATURAL JOIN, amri inayounganisha majedwali kwa kulinganisha kila safu yenye jina linalofanana. Anayeitumia hukusudia kulinganisha "kata_id". Lakini "jina" nalo limo katika majedwali yote mawili, hivyo mfumo hutaka pia jina la kituo liwe sawa na jina la kata. Kituo kilichosajiliwa kwa jina "Makorora" katika Kata ya Makorora hutokea kwenye ripoti. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, iitwayo Bombo, hutoweka, kwa sababu haikupewa jina la kata iliyomo. Anayejaribu ulizo hilo kwa kuangalia Makorora ataona mambo ni shwari, ilhali hospitali kubwa kuliko zote mkoani haimo kwenye jumla.

Mfano wa pili unahusu kufuta. Tuseme kuna jedwali "kata_zilizofutwa", na aliyeliunda aliita ufunguo wake "id" badala ya "kata_id". Mwenzake, asiyejua hilo, anaandika:

DELETE FROM kituo WHERE kata_id IN (SELECT kata_id FROM kata_zilizofutwa)

Ingetarajiwa amri ishindwe, kwa kuwa jedwali la ndani halina safu "kata_id". Haishindwi. SQL ikikosa safu katika jedwali la ndani huitafuta katika lile la nje, na huko ipo. Amri hugeuka kuwa swali la kama "kata_id" ya kituo ni sawa na "kata_id" ya kituo hichohicho, na jibu ni ndiyo kila mara. Ikiwa jedwali la ndani lina mstari hata mmoja, vituo vyote vyenye kata hufutwa.

Kinga ya makosa haya ni kuipa safu ileile jina lilelile katika kila jedwali, kuipa safu isiyo ileile jina tofauti, kama "jina_kata" na "jina_kituo", na kuandika jina la jedwali mbele ya kila safu katika ulizo lenye majedwali zaidi ya moja.

Jina la mahali si ufunguo

Majina ya mahali hupendwa kama funguo kwa sababu kila mtu anayajua. Ila jina moja hubebwa na vitu vingi. Makorora ni kata, na kuna kituo cha afya na shule ya sekondari vyenye jina hilohilo. Duga ni kata ya Jiji la Tanga, na kuna Duga nyingine katika Wilaya ya Mkinga. Korogwe ni halmashauri mbili, ya mji na ya wilaya, na Handeni ni vivyo hivyo. Tanga ni jiji na pia ni mkoa. Utafutaji wa maneno yanayoanza na "Tanga" huleta pia Kata ya Tangasisi, na Wilaya ya Tanganyika iliyo mbali katika Mkoa wa Katavi.

Mipaka nayo hubadilika. Wilaya ya Mkinga ilimegwa kutoka Muheza, na Kilindi kutoka Handeni. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya. Hifadhidata yenye jedwali "wagonjwa_muheza" inabaki na jina la zamani juu ya habari ambazo sehemu yake sasa ni za Mkinga, na anayelinganisha miaka miwili huona wagonjwa wa Muheza wamepungua ghafla bila sababu ya kiafya.

Ndiyo maana taasisi hutumia namba au alama za utambulisho kando ya majina. Postikodi za Mkoa wa Tanga huanza na 21. Baraza la Mitihani la Tanzania huipa kila shule ya sekondari namba ya kituo inayoanza na S, hivyo shule mbili zenye jina moja hazichanganywi. Sajili ya vituo vya afya hukipa kila kituo namba yake.

DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei na kutumika kukusanya takwimu za afya Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi, hukipa kila kituo alama ya herufi na tarakimu 11 inayoanza na herufi. Jina la kituo likibadilishwa au tahajia ikirekebishwa, alama hubaki ileile na takwimu za nyuma hazipotei.

Programu hiyo hiyo inaonyesha pia namna jina lisilo wazi linavyodumu. Katika jedwali lake la "datavalue" safu inayotaja kituo kilichotoa takwimu inaitwa "sourceid", ingawa inaelekeza kwenye jedwali la "organisationunit". Anayeandika ulizo kwa mara ya kwanza hutafuta safu yenye jina la jedwali hilo na haioni.

Lugha ya majina

Hifadhidata nyingi za Afrika Mashariki huchanganya Kiswahili na Kiingereza. Jedwali moja huitwa "patient", jingine "wagonjwa". Safu moja ni "name", nyingine "jina". Mchanganyiko huo huzaa safu mbili kwa habari moja, kila moja ikiwa imejazwa nusu.

Tafsiri nayo ina mitego. Kwa Kiingereza neno "ward" hutumika kwa kata na pia kwa wodi ya hospitali. Katika hifadhidata ya hospitali safu "ward_id" inaweza kumaanisha mahali mgonjwa anapoishi au chumba alicholazwa, na zote mbili ni namba zinazokubalika. Mgonjwa wa Makorora anaweza kuhesabiwa katika wodi ya watoto, au kinyume chake, bila mfumo kulalamika. Kwa Kiswahili "kata_id" na "wodi_id" haziwezi kuchanganywa.

Neno "mtaa" ni mfano mwingine. Katika utawala wa miji ya Tanzania mtaa ni ngazi chini ya kata, yenye mwenyekiti wake. Ukitafsiriwa "street", anayejaza fomu baadaye huandika jina la barabara. Kwa maneno ya utawala kama kata, tarafa, mtaa na kitongoji, jina la Kiswahili ndilo sahihi zaidi hata katika hifadhidata ambayo sehemu nyingine ni za Kiingereza.

Kanuni zinazopendekezwa

Kanuni hutofautiana kati ya taasisi, lakini zifuatazo hukubaliwa na wengi:

- tumia herufi ndogo, tarakimu na kistari cha chini pekee, na jina lianze na herufi
- chagua umoja au wingi na ufuate uchaguzi huo kila mahali
- ufunguo msingi uitwe kwa jina la jedwali, kama "kata_id", na ufunguo wa nje uitwe vivyo hivyo
- weka neno la kutofautisha karibu na mwanzo wa jina
- usiweke mwaka, wilaya wala jinsi ndani ya jina la jedwali au safu
- safu ya tarehe itaje ni tarehe ya nini: "tarehe_kuzaliwa", "tarehe_kulazwa"
- epuka vifupisho visivyojulikana nje ya ofisi
- epuka viambishi vya mwanzo visivyo na kazi, kama "tbl" mbele ya kila jedwali
- katika SQL Server usianze jina la utaratibu uliohifadhiwa kwa "sp_", kwa sababu mfumo huutafuta kwanza katika hifadhidata kuu ya "master"
- andika kamusi ya data inayoeleza kila jedwali na kila safu kwa sentensi moja

Kubadili jina

Kubadili jina la jedwali ni amri ya mstari mmoja, lakini jina la zamani huwa limeandikwa katika programu, ripoti na faili nyingi nje ya hifadhidata. Kwa hiyo mabadiliko hufanywa kwa hatua. Kwanza jedwali hupewa jina jipya. Papo hapo huundwa mwonekano wenye jina la zamani unaosoma jedwali jipya, ili programu za zamani ziendelee kufanya kazi. Kisha programu hurekebishwa moja baada ya nyingine. Pale ambapo hakuna inayotumia tena jina la zamani, mwonekano hufutwa.

Kazi hiyo huchukua muda, na ndiyo sababu majina mabaya hudumu. Hifadhidata mara nyingi huishi kuliko programu iliyoitengeneza, na hurithiwa na watu ambao hawakuwepo jina lilipochaguliwa.

Tazama pia

- Hifadhidata
- SQL
- Ritifaa
- Kata
- Makorora